Siku Mbili Chini ya Milima ya Uluguru

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya safari fupi, safari ya Jumamosi na Jumapili, kutoka kwetu Gwata mpaka Morogoro. Nikisema Gwata sichagui ile ya Kibaha wala ile ya Kisarawe, kwa kuwa katika jambo hili sote tu hali moja: milima ile haiko mbali nasi, na wengi wetu hatujaikanyaga.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nalimchukua binti wa kaka yangu, naye wakati ule alikuwa darasa la 5, nikamwambia, "Twende Morogoro ukaone mlima." Ulikuwa mwezi wa Aprili. Sikuuliza mtu, sikuhesabu fedha vema, wala sikutazama mawingu. Tulifika alasiri, mvua inanyesha, na mlima umefunikwa na wingu tangu kichwani hata miguuni, usiweze kujua kama pana mlima au hapana. Tukalala katika nyumba ya wageni ambayo paa lake lilivuja. Asubuhi mvua ni ile ile, na mfukoni nauli ya kurudi tu. Tulipofika nyumbani kaka alimwuliza binti yake, "Umeona nini huko?" Mtoto akajibu, "Nimeona stendi."

Kaka alicheka sana. Lakini tangu siku ile, kila nitajapo habari ya kumwendeleza mtoto huyu katika masomo, hunikumbusha stendi. Husema, "Msichana akijua kusoma barua na kuhesabu chenji, yatosha. Hayo mengine ni safari zako za mvuani." Basi mwaonaje? Safari isiyopangwa haikunipotezea fedha peke yake.

Kwa hiyo sasa napanga. Kwanza majira. Masika ni Machi hata Mei, na vuli ni Oktoba hata Desemba. Miezi hiyo njia za mlimani huteleza kama sabuni. Mwezi wa Juni hata Septemba ndio wakati mwema, hali ya hewa ni baridi kidogo na mara nyingi asubuhi mlima huonekana. Hata hivyo chukua koti, maana Uluguru hupata mvua nyakati ambazo sisi hatuna hata tone, hasa upande wake wa mashariki.

Pili njia. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi iko reli nyingine, ya treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Mtu wa Kibaha aweza kupandia Soga au Ruvu, na wa Kisarawe atazame Pugu; lakini auliza kwanza, kwa sababu si kila treni husimama katika vituo vya njiani. Apendaye basi atapita barabara kuu ya Chalinze. Mimi nasema treni, kwa ajili ya mtoto kutazama dirishani.

Jumamosi ni siku ya mlima, tena alfajiri, kabla jua halijawa kali. Msitu wa juu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, basi yakupasa upite ofisi ya misitu mjini, ulipe ada, upate mtu wa kukuongoza. Usiseme, "Mimi najua njia." Kuna mahali paitwapo Morning Side, penye jengo la kale la wakati wa Wajerumani; mtu mwenye miguu ya kawaida hufika kwa saa mbili au tatu, akipita katikati ya mashamba ya ndizi na mboga ya Waluguru. Ukiwa pale, mji wote uko chini yako. Kilele cha Kimhandu, kilicho kirefu kupita vyote, chapita mita 2,600, lakini hicho si cha Jumamosi moja, wala si cha mtu wa makamo kama mimi. Katika msitu huo yuko ndege mmoja ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani. Sitawaahidi kumwona.

Nilipomweleza mzee mmoja jirani yangu habari hizi, aliniuliza, "Mwalimu, mlima si shamba lako, unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia, "Mzee wangu, nakwenda kuutazama mto Ruvu ukiwa mtoto." Maana Ruvu huanza katika milima ile, vijito vingi vikikutana, ukateremka mpaka kwetu, na mtambo wa Mlandizi ukanywesha Kibaha na Dar es Salaam. Msitu ukifyekwa kule, ndoo hukauka huku. Mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye alidhani mto hutoka ardhini tu, pale pale Ruvu.

Na maji hayo yana nguvu ya namna mbili. Katika karne ya 19 mtu mmoja Mzigua, jina lake Kisabengo, alijenga mji wenye boma la mawe karibu na mto Ngerengere, na baada yake akatawala binti yake. Wasafiri waliuita mji ule Simbamwene. Stanley aliuona mwaka 1871, akausifu kwa kuta zake. Aliporudi mwaka wa pili alikuta mafuriko yameuvunja. Nalipenda binti yetu alisikie hilo akiwa amesimama mahali penyewe: kwamba mji huu uliwahi kutawalwa na mwanamke, na kwamba mto ulikuwa na nguvu kuliko boma.

Jumapili ni siku ya mji. Chini kabisa ya mlima kimesimama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka ule ule. Huko hufundishwa mambo ya udongo, mifugo, misitu na mbegu, yaani kazi zile zile za baba yake binti huyu, isipokuwa kwa vitabu. Halafu twende Mazimbu. Palikuwa shamba la mkonge. Waafrika Kusini waliokimbia nchi yao wakajenga hapo shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 wakaikabidhi Tanzania, na leo ni sehemu ya chuo hicho hicho. Makaburi ya waliofia ugenini yapo. Ukifika, vua kofia, tembea polepole.

Soko nisilisahau: ndizi, mboga za mlimani, mdalasini na pilipili manga. Tenga fedha ya soko mbali na fedha ya nauli, katika mfuko mwingine, tena ushone kifungo. Nasema haya kwa kuwa nimeadhibiwa.

Juma lililopita nalikwenda kwa kaka na hesabu yangu imeandikwa katika karatasi: nauli ya watu wawili, malazi, chakula, ada ya msitu, na akiba kidogo ya ugonjwa. Binti yuko darasa la 7 sasa. Alikaa mlangoni akisikiliza, asiseme neno. Kaka aliisoma karatasi mara mbili, akakunja uso penye malazi, akauliza kama ni kweli Ruvu huanzia huko. Nikamwambia ni kweli. Akachukua kalamu yangu, akafuta pale nilipoandika watu wawili, akaandika watatu. Kisha akauliza, "Hiyo treni yaondoka Ruvu saa ngapi?"

Sikujua. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kuuliza.