Michezo ya Kuhesabu, Kuchambua na Kupanga kwa Watoto Wadogo

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenitaka niseme machache juu ya chumba cha watoto, kwa sababu alasiri ya leo wanachama wataombwa waamue fedha zilizotengwa zitumiwe vipi. Yako maoni mawili. Wazazi wengine wasema zinunuliwe daftari, ili watoto wa miaka minne na mitano waandike tarakimu tangu 1 hata 100. Nao hunung'unika kwamba wakipita dirishani huwaona watoto wao wamekaa mkekani wakichezea vifuniko vya soda. Wengine, nami ni mmoja wao, twasema kwamba vifuniko vile ndivyo masomo yenyewe. Nitaeleza sababu, kisha shauri ni lenu.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kutaja majina ya hesabu ni jambo moja, na kuhesabu ni jingine. Mtoto wa miaka mitatu aweza kuimba moja, mbili, tatu hata kumi, wageni wakampigia makofi. Lakini mwekee maharagwe saba mbele yake umwambie ahesabu: utaona kidole chagusa haragwe moja mara mbili, chapita jingine bila kuligusa, na mdomo watangulia mkono. Akimaliza, mwulize yako mangapi. Huenda akaanza tena, moja, mbili, tatu, kwa maana hajatambua bado kwamba neno la mwisho ndilo jumla. Mambo haya yalichunguzwa kwa makini na Rochel Gelman na C. R. Gallistel katika kitabu chao cha mwaka 1978. Na kabla yao Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba ukimpangia mtoto mdogo safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha ukaitanua safu moja mbele ya macho yake, atakuambia kwamba ile ndefu ina vingi zaidi. Sijui daftari liwezalo kumtoa mtoto hapo. Hutolewa na mikono yake mwenyewe, kwa kusogeza kitu kimoja kimoja toka upande huu hata ule, siku baada ya siku.

Na katika kazi hii lugha yetu yatusaidia kuliko tunavyodhani. Mtoto ahesabupo husema moja, mbili, tatu. Lakini akiulizwa amepata nini, hana budi kusema vifuniko vitatu, mawe matatu, watoto watatu. Neno la hesabu huvaa nguo ya kitu kilichohesabiwa, isipokuwa sita, saba, tisa na kumi, ambazo hazibadiliki. Kwa hiyo mwalimu asikubali jibu la "tatu" peke yake, bali angoje asikie "vifuniko vitatu". Tena, asemaye kumi na moja amekwisha kuambiwa na maneno yenyewe kwamba pana kumi, na kimoja juu yake. Mtoto wa Kiingereza hana msaada huo. Mpe vijiti kumi avifunge kwa kamba, aweke kimoja kando, naye ataona kwa macho kile alichokuwa akikisema.

Kuchambua nako si upuuzi. Changanya kunde, mahindi na maharagwe katika ungo, mtoto atenge kila aina mahali pake. Kisha vunja mafungu, umwambie atenge kwa rangi. Kisha kwa ukubwa. Vitu ni vile vile, kanuni ndiyo iliyobadilika, na hapo ndipo akili hufanya kazi. Mchezo ulio bora kuliko yote ni huu: mtoto achambue apendavyo bila kusema, na mwenzake akisie ametumia kanuni gani. Mimi ni karani, na riziki yangu hutoka katika kuweka kila barua katika jalada lake. Nawahakikishieni kwamba wako watu wazima wenye vyeti wasioweza kushika kanuni moja tangu barua ya kwanza hata ya mwisho.

Juu ya kupanga kwa mfuatano, mama zetu wasukao viondo, na wale wa pwani wasukao ukili, hawahitaji kufundishwa na mtu. Watoto watunge ushanga: mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe, kesho wekundu wawili, mweupe mmoja. Walakini kunakili tu hakutoshi. Mwalimu afunike ushanga mmoja kwa kidole na kuuliza ni wa rangi gani, au akosee kwa makusudi na kungoja nani atakayemkamata. Watoto hufurahi mno kumkamata mwalimu.

Wala tusidharau michezo tuliyoikuta. Katika mdako mtoto huteka mawe shimoni huku jiwe jingine li hewani, naye ajua upesi amechukua mangapi. Bao la watu wazima, lenye mashimo 32 na kete 64, lawazidi wadogo, lakini mashimo machache yaliyochimbwa mchangani yawatosha kujifunza kutia kete moja moja.

Wenye hofu ya darasa la kwanza wakumbuke kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kufuatwa nchini kote mwaka 2019, huweka kuainisha vitu pamoja na namba na vipimo katika masomo ya hesabu ya miaka miwili ya awali. Hatukujitungia njia yetu wenyewe.

Onyo moja ni la lazima. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe mbegu wala ushanga, kwani huvitia mdomoni wakapaliwa. Na mbegu za mbarika, pamoja na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hupenda kuzitunga, zina sumu kali. Zisiingie chumbani hata kidogo.

Basi naomba fedha zinunue mikeka, makopo yenye vifuniko na rafu fupi ambayo mtoto aifikia mwenyewe, na daftari zingoje mwaka wa pili. Vifuniko vya soda havina bei. Wenye maduka na waletao viletwe vimeoshwa, na vyenye makali vigongwe kwanza. Debe li mlangoni mwa chumba cha watoto.