Skullyville: Mji Uliozaliwa Dirishani pa Malipo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya historia, niliyoisoma Chuo Kikuu, wala si juu ya mishahara na pensheni, ambazo ndizo kazi yangu ya kila siku serikalini. Nimetii nusu tu. Nimechagua mji mdogo wa Marekani ambao jina lake lenyewe ni fedha. Mji huo ni Skullyville, katika nchi ya Wachoctaw, ambayo leo imo ndani ya jimbo la Oklahoma. Kwa Kichoctaw, "iskuli" maana yake ni fedha.

Kwao Wachoctaw hasa kulikuwa Mississippi. Mwaka 1830, kwa mkataba wa Dancing Rabbit Creek, serikali ya Marekani ilichukua ardhi yao ipatayo ekari milioni 11. Kati ya 1831 na 1833 wengi wao walihamishwa kwenda magharibi, katika baridi, njaa na kipindupindu. Inakadiriwa kuwa watu 2,500 walipoteza maisha.

Mwaka 1832 serikali ilijenga ofisi ya wakala wake karibu na mto Arkansas, si mbali na Fort Smith. Hapo ndipo Wachoctaw walipopokea malipo ya kila mwaka waliyoahidiwa katika mikataba. Ndugu zangu, siku ya mshahara mnaijua: alipo mlipaji, mwenye duka hayuko mbali. Maduka yakafunguliwa, nyumba zikajengwa, na mwaka 1858 magari ya farasi yaliyobeba barua kwenda California yakaanza kupitia hapo.

Lakini fedha hizo hazikuishia madukani. Mwaka 1842 baraza la Wachoctaw liliamua kutenga sehemu yake kwa ajili ya shule. Jirani na mji palikuwa na ngome ya Fort Coffee, ambayo askari walikuwa wameihama. Mwaka 1844 ikafunguliwa kuwa shule ya wavulana, chini ya wamisionari wa Kimethodisti. Baadaye ikafuata New Hope, shule ya wasichana. Watu waliokuwa wamenyang'anywa nchi miaka michache tu nyuma walilipia madawati kwa thamani ya nchi hiyo hiyo.

Tarehe 23 Machi 1847 ulifanyika mkutano hapo Skullyville. Habari zilikuwa zimefika kwamba watu wa Ireland wanakufa kwa njaa baada ya viazi kuoza mashambani. Wachoctaw, pamoja na wafanyabiashara, wamisionari na maofisa waliokuwapo, walichanga. Kiasi kinachotajwa sana ni dola 170. Hawakuwa matajiri, ila njaa waliijua.

Nisiwapambe kupita kiasi. Baadhi ya Wachoctaw walimiliki watumwa Weusi, na mwaka 1861 taifa lao liliungana na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Watumwa waliachwa huru kwa mkataba wa 1866, lakini hawakupewa uraia wa taifa hilo hadi 1883. Vita hivyo viliufikia mji pia: mwaka 1863 shule ya Fort Coffee ilichomwa moto. Kisha, miaka ya 1890, reli ikapita mahali pengine, ukazaliwa mji wa Spiro, na watu wakahamia huko. Skullyville ya leo ni makaburi na nyumba chache.

Ofisi ya malipo, iliyouzaa mji, imetoweka. Ule mchango haujasahauliwa. Huko Midleton, Ireland, yamesimamishwa manyoya tisa makubwa ya chuma kuwashukuru Wachoctaw. Mnara huo ulizinduliwa rasmi mwaka 2017. Mwaka uliofuata serikali ya Ireland ilitangaza nafasi za masomo katika nchi hiyo kwa vijana wa Kichoctaw. Yaani dola zile zimerudi zikiwa elimu, baada ya miaka 171.

Ndugu Mwenyekiti, naona mweka hazina amekwisha shika daftari la mchango wa maktaba yetu, nami sitaki kumcheleweshea kazi. Mimi nitatoa kwanza, halafu nitakaa mlangoni kuhesabu. Kuhesabu fedha ndiyo kazi niliyoizoea.