Yoga Haizibi Tundu: Ngiri na Uamuzi wa Kwenda Hospitali Likasi

Mada kwa semina ya wauguzi na wahamasishaji wa afya ya jamii



1. Kwa nini tuzungumzie jambo hili

Likasi ni mji uliojengwa kwa migongo ya wabeba mizigo. Tangu siku ulipoitwa Jadotville, chini ya kampuni ya migodi ya Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, hadi Gécamines iliyorithi migodi baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, mkate wa watu hapa umetoka ardhini. Zamani mfanyakazi wa kampuni alitibiwa na kampuni, yeye na jamaa yake. Uzalishaji ulipoporomoka miaka ya 1990, huduma nazo zikadhoofika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Tangu hapo wengi, wao au watoto wao, wameshika sururu na kubeba magunia ya madini bila mwajiri na bila bima. Akiugua, mtu hujilipia mwenyewe.

Ndiyo maana video ya simu inayosema kwamba ngiri hupona kwa yoga sebuleni, bila kisu na bila faranga, inapata wasikilizaji. Msimcheke anayeiamini. Amefanya hesabu ya mfuko wake. Kazi yetu ni kumwonyesha kinachokosekana katika hesabu hiyo.

2. Ngiri ni nini

Ukuta wa tumbo umefumwa kwa misuli na utando mgumu. Mahali utando unapolegea au kuachana, utumbo au mafuta ya ndani hujipenyeza na kufanya uvimbe chini ya ngozi. Mara nyingi uvimbe hutokea kwenye kinena, kitovuni, au juu ya kovu la upasuaji wa zamani. Hutokeza mtu akisimama, akikohoa au akinyanyua mzigo, na hurudi ndani akilala.

Wengine wamezaliwa na udhaifu huo. Wengine huupata kadiri umri unavyosonga. Kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, mkojo wa kusukuma kwa sababu ya tezi dume, ujauzito na mizigo mizito huongeza shinikizo ndani ya tumbo. Wanaume hupata ngiri ya kinena mara nyingi kuliko wanawake.

Muuguzi atofautishe pia ngiri na busha. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na njia yake ya matibabu ni nyingine.

3. Yoga inaweza kufanya nini

Yoga ina faida zake, na hatuna sababu ya kuzikana. Hulainisha viungo, hutuliza mawazo, hufundisha kupumua polepole na humsaidia mtu kupunguza uzito. Mwenye ngiri akilala chali na kuinua miguu, uvimbe unaweza kurudi ndani na maumivu yakapungua. Hapo ndipo udanganyifu unapozaliwa. Uvimbe umerudi kwa sababu ya mlalo, lakini mlango wake uko wazi vilevile.

Mazoezi huimarisha misuli, lakini hayashoni utando ulioachana. Gunia likitoboka ubavuni, hata ukilikaza kamba mdomoni, madini yatazidi kumwagika. Hakuna ushahidi wa kuaminika unaoonyesha kwamba yoga imefunga ngiri ya kinena ya mtu mzima. Tena baadhi ya mikao humdhuru mwenye ngiri: ule wa kukaa kwa makalio huku miguu na kifua vimeinuliwa, kubana pumzi kwa nguvu, na kupumua kwa kusukuma tumbo kwa kasi. Yote hayo huongeza shinikizo lilelile linalosukuma utumbo nje.

Mkanda wa kiunoni nao huzuia uvimbe kwa muda, bila kuuponya. Na sarafu inayofungwa kwenye kitovu cha mtoto haina kazi: ngiri nyingi za kitovu cha watoto hujifunga zenyewe kabla ya miaka 5. Ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi. Hiyo ni ya daktari wa upasuaji, bila kukawia.

4. Je, kila ngiri ipasuliwe mara moja?

Hapana, na ni lazima tuseme kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Amerika ya Kaskazini walichapisha matokeo ya kufuatilia wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Waliongoja huku wakiangaliwa na daktari hawakupata madhara makubwa, na ngiri chache sana zilinasa ghafla. Lakini taarifa ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba ndani ya miaka 10, takriban 68 kati ya kila 100 walioanza kwa kungoja walikuwa wamepasuliwa, hasa kwa sababu ya maumivu.

Tusiuchukue utafiti huo na kuuweka Likasi kama ulivyo. Wanaume wale walikuwa na daktari anayewajua na chumba cha upasuaji karibu. Kijana aliye machimboni, ambaye usiku hapati hata pikipiki ya kumleta mjini, hangoji katika hali ileile. Kungoja ni matibabu pale tu ambapo kuna mtu anayekuangalia.

Wanawake wasingoje. Kwao ngiri ya chini ya kinena, juu ya paja, hutokea zaidi kuliko kwa wanaume, na ndiyo inayonasa na kunyongwa kwa urahisi.

5. Upasuaji si anasa ya matajiri

Tangu Edoardo Bassini wa Padua aliposhona ngiri kwa mpango katika miaka ya 1880, ufundi huu umeendelea. Leo ngiri nyingi za watu wazima huzibwa kwa wavu mwembamba, na mara nyingi ganzi ya sehemu inatosha. Wavu wa kiwandani ni ghali, lakini jirani zetu wametuonyesha njia. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa mashariki mwa Uganda juu ya wanaume 302. Baadhi waliwekewa wavu wa kiwandani, na wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la chandarua ngiri ilimrudia mgonjwa mmoja tu. Bila shaka chandarua cha kitandani hakitumiki hivyo nyumbani. Ni kazi ya hospitali.

Upasuaji uliopangwa una gharama ndogo kuliko ule wa dharura, ambapo utumbo umekufa na kipande kinakatwa.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila uvimbe wa kinena au kitovu upimwe na muuguzi au daktari kabla ya mazoezi yoyote.

Pili, anayengoja atibiwe kikohozi, choo kigumu na tezi dume, aache sigara, na apunguze magunia.

Tatu, anayependa yoga aendelee na mikao myepesi, na baada ya upasuaji arudie mazoezi na mizigo kwa ruhusa ya daktari.

Nne, vikundi vya wachimbaji vianzishe akiba ya pamoja kwa ajili ya upasuaji uliopangwa.

Tano, mareko wote, yaani wahamasishaji wa afya ya jamii, wazijue dalili za ngiri iliyonyongwa: uvimbe mgumu usiorudi ndani, maumivu makali, kutapika, tumbo kujaa, kukosa choo na hewa. Mtu huyo asikandwe, asipewe dawa ya kuharisha, asiambiwe anyooshe mwili. Apelekwe hospitali kuu ya rejea saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu utumbo ulionyongwa huweza kufa ndani ya saa chache.