Maneno Magumu ya Mtihani

Ndugu zangu wanafunzi wa jioni,

Kukariri kamusi ya Kiingereza tangu A kwa ajili ya mtihani wa TOEFL ni kuteka maji kwa pakacha. Mtihani unakupa habari uisome uielewe. Ukikosa alama zitakiwazo na chuo, ada walipa upya. Neno lishikeni pamoja na jamaa zake.

Kariakoo, hapo ng'ambo ya barabara, ni "Carrier Corps": Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka pale wapagazi wa vita, watu wetu. Kubeba kwa Kilatini ni "portare" (Waingereza nao waliazima!). "Import" ni kuleta ndani, "export" kupeleka nje, "porter" mpagazi. Yote matatu mtayaona sokoni.

Kila mmoja ayatungie sentensi zake, si za kitabuni, aje azisome kesho mbele yetu.