Aliyekataa, Kisha Akaenda

 

Leo twataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa aibu, nalo ni kubadili nia. Mtu akisema leo hivi na kesho vile, twamwita kigeugeu. Na kweli kigeugeu yuko, yule abadilikaye kwa kuogopa watu au kwa kuahidiwa kitu. Huyo hatumsifu. Lakini yuko na mwingine, abadilikaye kwa sababu ameonyeshwa ukweli ambao hapo kwanza hakuuona. Tusiwachanganye watu hawa wawili.

Katika Mathayo sura ya 21, Bwana Yesu alieleza habari za baba aliyekuwa na wana wawili. Aliwaambia waende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja aliitikia kwa adabu, wala hakwenda. Mwenzake alikataa waziwazi, lakini baadaye akageuza moyo, akaenda. Huyo ndiye aliyefanya mapenzi ya baba yake. Angaliweza kusema, "Neno langu nimekwisha kulitoa, nikilirudisha watu watanionaje?" Heshima yake ingalikaa, na kazi ya baba ingalilala.

Ndugu wapendwa, yuko mtu ambaye wimbo wake juu ya neema twauimba makanisani mwetu. Ni John Newton, aliyezaliwa London mwaka wa 1725. Alikuwa baharia. Mwaka wa 1748 merikebu yake ilipigwa na dhoruba kali, naye akamlilia Mungu, akaokolewa. Pengine twadhani kwamba siku ile aliuacha uovu wote. Sivyo. Baadaye alikuwa nahodha wa merikebu zilizochukua watumwa kutoka Afrika ya Magharibi. Juu alisali, chini ya miguu yake walilala watu katika minyororo. Mwaka wa 1754 aliiacha bahari, na alichomwachisha ni ugonjwa.

Newton akawa mchungaji mwaka wa 1764, akapendwa na wengi. Lakini ilikuwa mwaka wa 1788, miaka 34 tangu safari yake ya mwisho, alipochapisha kijitabu juu ya biashara ile. Humo aliungama kwamba moyo wake sasa watetemeka kwa kazi aliyoifanya, na kwamba ungamo lake limekuja kwa kuchelewa. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, mwenye heshima katika mji mkubwa. Angaliweza kunyamaza. Badala yake alisimama mbele ya wakubwa wa serikali akaeleza aliyoyaona kwa macho yake. Mwaka wa 1807 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuikomesha biashara hiyo, na Newton akafariki mwezi wa Desemba mwaka uo huo.

Twamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee huyu. Hata hivyo tuitazame ile miaka 34. Merikebu hazikungoja mpaka Newton aseme. Ziliendelea kwenda na kurudi, na wana wa watu waliendelea kuuzwa. Basi tukichelewa kukubali kweli, mara nyingi si sisi tunaolipa gharama. Hulipwa na wengine.

Je, kwetu haiko hivyo? Baba ameapa kwamba binti yake aliyepata mimba hatavuka tena mlango wake. Hasira imekwisha zamani, kilichobaki ni kiapo tu, na mtoto yuko nje. Wazee wa kanisa wamekataa shauri kwa sababu lililetwa na vijana, na sasa kila mmoja wao anajua kwamba lilikuwa jema. Ndugu wawili wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Mpimaji amekuja, jiwe limeonekana, lakini mmoja asema moyoni, "Nikikubali leo, nitaonekana mwongo miaka yote hii." Na watoto wao hawaamkiani njiani.

Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini aliyeijua njia akaendelea kusimama porini, kujua kwake kwamfaa nini? Yule kijana hakuishia kujuta nyumbani. Aliondoka akaenda shambani. Nasi pia, nia iliyobadilika na ishuke mpaka miguuni: twende kwa binti, turudi kwenye kikao, tumwite ndugu yetu pale penye jiwe. Jua lingali juu, na kazi ya Baba yangoja.

Tuombe. Ee Bwana, utupe moyo unaofundishika, na miguu isiyoona haya kurudi. Amina.