Kabla ya kudai mashine ya uongo, uliza pesa imetoka wapi

Haya ni maneno niliyowaambia wenzangu Ijumaa jioni hapa Nyeri. Wengi wameniomba maandishi, kwa hivyo nimeyaweka hapa kama uzi. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

1/ Kila msimu wa mdahalo kuna mtu husimama nyuma ya ukumbi akauliza: mbona hawa watu hawapimwi na mashine ya uongo kabla ya kupewa ofisi? Ukumbi mzima hupiga makofi. Mimi pia nilikuwa napiga. Leo naeleza kwa nini nimeacha.

2/ Wazo lenyewe si geni, na lilitangazwa huku kwetu mlimani. Tarehe 1 Juni 2018, sherehe za Madaraka zilifanyika uwanja wa Kinoru, Meru. Kashfa ya pesa za NYS ilikuwa moto. Rais wa wakati huo akasema wakuu wote wa ununuzi na uhasibu serikalini watapigwa msasa upya, na kupimwa kwa mashine hiyo kutakuwa sehemu ya msasa. Watu walifurahi sana. Lakini hebu tuiangalie mashine yenyewe.

3/ Mashine haioni uongo. Inapima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na jasho la vidole. Basi. Anayesema "huyu amedanganya" ni binadamu aliyeketi hapo akisoma mistari. Sasa wewe fikiria umefungwa waya kifuani na kazi yako iko mezani. Moyo hautapiga? Woga wa mwizi na woga wa mtu mwenye watoto wa kulipia karo, kwa mashine ni kitu kimoja.

4/ Tufanye hesabu kidogo. Tuseme tuna maafisa 1,000, na wezi ni 10. Tuseme tena mashine ni nzuri, inapatia mara 9 kati ya 10. Itashika wezi 9. Lakini itawashika pia watu safi 99. Kwa hivyo una watu 108 nje ya mlango, na 99 kati yao hawajaiba hata kalamu. Utawaambia nini? Na yule mwizi wa kumi amerudi ofisini akiwa na cheti cha kupita.

5/ Hiyo ya mwizi kupita si hadithi. Aldrich Ames alikuwa afisa wa ujasusi Marekani, na alikuwa akiwauzia Wasovieti siri. Alipimwa 1986, akapita. Akapimwa tena 1991, akapita. Alikamatwa 1994. Na wala hakuwa amejificha sana: alikuwa amenunua nyumba ya zaidi ya dola 500,000 kwa pesa taslimu, na mshahara wake haukufika dola 70,000 kwa mwaka. Swali la mwenye duka lingetosha: ndugu, hii pesa imetoka wapi?

6/ Mwaka 2003 jopo la wanasayansi la huko huko Marekani lilichunguza mashine hizi na kusema usahihi wake hautoshi kuzitegemea kuwachuja wafanyakazi wa usalama. Na tangu 1988 sheria yao inawakataza waajiri wengi wa kibinafsi kuzitumia kwa wafanyakazi.

7/ Sasa rudi nyumbani. Msasa wa polisi ulianza Desemba 2013, kwa maafisa wakubwa kwanza. Hakukuwa na waya kifuani. Kulikuwa na taarifa za benki na za M-Pesa. Mtu anaulizwa mbele ya runinga: huyu aliyekutumia hizi pesa ni nani, na ni za nini? Mnakumbuka vile watu walikuwa wanatafuta maneno. Msasa ule ulikuwa na kasoro zake, sikatai. Lakini lile swali lilikuwa sawa, kwa sababu jibu linaweza kuangaliwa. Kama uliuza ng'ombe, kuna mnunuzi. Kama ni chama, kuna daftari na kuna mweka hazina.

8/ Kuna kitu kingine, na hiki ni cha hapa kwetu. Shosho yangu alikuwa msichana mdogo wakati wa Hali ya Hatari. Akisikia neno msasa kwa redio, yeye hukumbuka gakunia: mtu amefunikwa gunia kichwani, yamebaki matundu ya macho tu. Mnapitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, umeenda. Humjui, hujui amesema nini, huna pa kujibu. Aliyepita alipewa cheti cha utiifu. Na Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, Mkikuyu, Muembu ama Mmeru hakupiga kura bila cheti hicho.

Ndiyo maana mashine hainifurahishi. Ni gunia lenye waya. Inatikisa kichwa, na wewe huwezi kuiuliza imeona nini.

9/ Na tuangalie nani anachujwa leo. Binamu yangu aliomba kazi ya karani katika ofisi moja. Kabla hata ya kuitwa kwa mahojiano aliambiwa alete vyeti vitano: DCI, EACC, KRA, HELB na CRB. Cheti cha tabia njema peke yake ni shilingi 1,050, weka na nauli ya kwenda kupigwa alama za vidole. Hakuitwa. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri aombe hivyo vyeti baada ya kukupa nafasi ya kazi, si kabla. Wengi wetu hatujui hilo, kwa hivyo tunaendelea kulipa.

10/ Sasa mkubwa. Sura ya Sita ya Katiba inadai uadilifu. Lakini Kifungu cha 99(3) kinasema mgombea ubunge hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Kanuni hiyo ina sababu nzuri: hatutaki mtu azuiwe kwa kesi ya kubandikwa. Mimi naitetea. Shida ni kwamba mkubwa anasubiriwa miaka hadi rufaa ya mwisho, na kijana anafungiwa mlango kwa deni la HELB ambalo hana kazi ya kulilipa.

11/ Kwa hivyo mdahalo ujao, ukipewa kipaza sauti, usiombe mashine. Muulize mgombea: utaweka tamko lako la mali mahali ambapo sisi tunaweza kulisoma? Na mtu akikataliwa kazi kwa sababu ya msasa, ataandikiwa sababu ili aweze kujibu?

Mwangalie anavyojibu. Hapo huhitaji waya.

Aliye na swali aulize hapa chini, nitajibu nikitoka darasani.