KITUO CHA KWANZA KIJENGWE NA MWANAGENZI



Ufundi haukai katika daftari peke yake, hukaa mkononi. Mhunzi, mshoni na mjenzi wa mashua wanalijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo maana mwanagenzi wao hushika chombo siku ya kwanza. Lakini inapofika zamu ya mitambo ya mawasiliano, watu wengi wenye elimu hulisahau. Huletwa mtaalamu kutoka mjini, akapanda juu ya paa, akafunga mitambo, akapokea shukrani, akaenda zake. Baada ya miezi michache betri hufa au waya hukatika, na hapana mtu kijijini awezaye kusema ubaya uko wapi. Mtambo hubaki juu ya paa, haufai kitu.

Mazungumzo haya yanahusu njia nyingine: kumfundisha mtu asiyejua lolote hata ajenge kwa mikono yake kituo cha mtandao wa jamii usiotumia nyaya kati ya nyumba na nyumba.

MTANDAO ULIO KAMA WAVU

Mtandao huo umesukwa mfano wa wavu wa mvuvi. Kila nyumba iliyomo huwa na kituo kidogo: kisanduku cha redio kiitwacho ruta, antena, waya, na betri inayochajiwa kwa nguvu ya jua. Kituo kimoja hupokea ujumbe wa jirani yake na kuupeleka mbele kwa jirani wa pili, mpaka ufike unakokwenda. Uzi mmoja wa wavu ukikatika, wavu haupotezi samaki wote. Vivyo hivyo kituo kimoja kikizimika, ujumbe hutafuta njia nyingine, mradi vituo jirani vinasikilizana. Kwa hiyo kila mwenye kituo ni mlinzi wa mawasiliano ya wenzake, wala si mteja tu.

Mfano mzuri uko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Mwaka 2012 wakazi wa huko, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape na kwa ridhaa ya mamlaka ya kimila, walianza kufunga vituo juu ya nyumba zao. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Basi betri zile zile za vituo zikatumika pia kuchaji simu za majirani kwa malipo madogo, na fedha hizo zikawa pato la kwanza la mtandao. Mwaka 2014 wakazi walisajili ushirika wao uitwao Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya jifanyieni wenyewe. Jina hilo ndilo somo zima.

DARASA LA VITENDO

Mwalimu wa kazi hii na aanze nje ya darasa. Mawimbi ya redio za aina hii hayapendi kilima, mabati wala miti yenye majani mabichi, kwani maji yaliyomo katika majani huyameza. Wanagenzi wagawanywe makundi mawili, kila kundi lisimame kwenye nyumba yake, na moja limulike jua kwa kioo kuelekea kwa wenzake. Mng'ao ukionekana, wameanza kujua mahali pa kuweka antena. Usipoonekana, waulizane wenyewe sababu kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Somo la pili ni hesabu. Ruta itumiayo wati 5 kwa saa 24 hula wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Lakini betri ya risasi na asidi ikiteremshwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Maana yake betri hiyo hutosha siku moja tu bila jua. Mwanagenzi aliyeipiga hesabu hii mwenyewe hatashangaa masika yatakapozima kituo, naye atajua cha kuongeza.

Somo la tatu ni waya. Ndani yake mna nyaya nane zilizosokotwa jozi nne, na kila rangi ina nafasi yake katika plagi. Kamba hukatikia pabovu, na mara nyingi pabovu pa kituo ni pale plagi ilipobanwa vibaya. Mwanagenzi atakosea mara ya kwanza, pengine na ya pili. Hapo ndipo mwalimu hujaribiwa kumnyang'anya koleo ili kazi iishe upesi. Asifanye hivyo. Plagi iliyoharibika ni hasara ndogo. Fundi aliyekatishwa tamaa ni hasara kubwa. Makosa ya kuzuiwa mapema ni yale yanayounguza chombo au kumwumiza mtu: kugeuza chanya na hasi za betri, kuwasha redio kabla ya kufunga antena, na kupanda juu ya paa bila kamba ya usalama au mawingu ya radi yakiwa yametanda.

Somo la mwisho ni ugonjwa wa kutungwa. Mwalimu alegeze waya kwa siri, kisha awaache wanagenzi waitafute hitilafu kwa mita, wakianzia kwenye betri na kwenda hatua kwa hatua hadi kwenye antena.

WAJIBU WA WATUMISHI WA UMMA

Ufundi pekee hautoshi, maana hewani nako kuna sheria. Ushirika wa Mankosi ulihitaji kupata msamaha wa leseni kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, nao ukaupata mwaka 2014. Mtumishi wa umma anayeombwa ushauri kuhusu jambo kama hilo asiwafukuze wanakijiji kwa maneno ya njoo kesho. Awaonyeshe fomu, awaeleze masharti kwa lugha wanayoielewa, na awasaidie kuandika maombi yao.

Aidha, vituo visikabidhiwe kijana mmoja mwerevu peke yake. Kijana huyo akipata kazi mjini, mtandao humfuata. Wafundishwe wengi, wanawake kwa wanaume, na kila anayehitimu amfundishe mwingine.

Kipimo cha mafunzo haya si cheti wala picha ya siku ya ufunguzi. Ni siku ile kituo kitakapozimika usiku wa mvua, mwalimu akiwa mbali, na asubuhi yake mwanakijiji akachukua mita yake, akapanda ngazi, akakiwasha.